Nani Ataifungua Silinda ya Nyuma?

Weka mezani karatasi mbili za takwimu, moja ya Yamaha R6 ya mwaka 2017 na nyingine ya Suzuki SV650 ya mwaka 2021. R6 ina injini ya cc 599 yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, na inatoa nguvu za farasi 118. SV650 ina cc 645, silinda mbili tu zilizotanuka kama herufi V, na inatoa nguvu za farasi 73. Pengo la farasi 45 halibishaniwi kijiweni. Lakini teremka mstari mmoja chini, penye torki, yaani ule mvuto unaokusukuma mgongoni ukivuta mafuta. R6 inafika kileleni kwa Nm 61.7, injini ikizunguka mara 10,500 kwa dakika. SV650 inatoa Nm 64, tena kwenye mizunguko 6,800 tu.

Mwendeshaji wa kawaida, katika safari ya kawaida, hufikisha injini mizunguko 10,500 mara ngapi? Kwa siku nzima pengine hata mara moja hakuna. Mizunguko 5,000 au 6,000 anapita humo kila anapolipita basi.

Ubishi wote kuhusu pikipiki ya spoti ya V mbili unazaliwa hapo. Anayeipenda atakusimulia mlio na mvuto, asiyeipenda atakuonyesha karatasi ya farasi. Kwa maoni yangu wote wawili wamesimama mbele ya pikipiki na hakuna aliyezunguka nyuma. Faida za injini hii ni za kweli na zinapimika. Upungufu wa farasi nao ni hasara ndogo kuliko inavyosemwa. Mzigo wenyewe ni silinda ya nyuma, iliyojificha chini ya tangi karibu na paja la mwendeshaji, ikiwa na hedi yake, kemshafti zake, valvu zake na cheni yake, na ambayo siku moja lazima mtu aifungue. Mnunuzi anayejua mtu huyo ni nani ana haki ya kuendelea kusoma bei.

Tuanze na faida. Pistoni haikimbizwi bila kikomo. Ikizidi kasi fulani, konrodi hukatika au pete hupoteza mshiko. Pistoni ya R6 husafiri milimita 42.5 kila inapopanda au kushuka, ya SV650 milimita 62.6. Piga hesabu: R6 ikizunguka mara 14,500 kwa dakika, pistoni zake zina wastani wa kama mita 20.5 kwa sekunde. SV650 ikizunguka mara 10,000, zake zina mita 20.9. Kwa hiyo zote mbili zinafanya kazi kwenye ukingo uleule wa uwezo wa chuma, ila yenye safari fupi inapata milipuko mingi zaidi ndani ya dakika moja. Nguvu za farasi ni torki ikizidishwa na mizunguko, na anayezunguka zaidi ndiye anayeandika namba kubwa. V mbili haiwezi kushinda mchezo huo. Inacheza mwingine: milipuko michache, mikubwa, na mapema.

Ukipanda mlima wa Kitonga, Tanzania, nyuma ya msururu wa malori, tofauti hii inaacha kuwa ya karatasi. Mwenye silinda nne ndogo huteremsha gia mbili, husikiliza injini ikipiga kelele, kisha hupata nafasi yake na kupita, kama nafasi bado ipo. Mwenye V mbili hubaki kwenye gia aliyonayo na kuvuta mafuta. Akitokea kwenye kona gia ikiwa moja juu ya ile inayofaa, pikipiki humsamehe. Kwa barabara zenye kona, matuta na magari yasiyotabirika, msamaha huo una thamani kuliko farasi 45 wanaoishi juu ya mizunguko 10,000. Ukifunga mafuta, pistoni kubwa nazo huvuta breki ya injini kwa nguvu, jambo linalosaidia mteremkoni na linalomshtua mgeni anayeteremsha gia ovyo, kwa sababu tairi la nyuma linaweza kurukaruka.

Umbo nalo lina mchango wake. Konrodi mbili hushika pini moja ya krenki, kwa hiyo krenki ni fupi na injini nzima ni nyembamba, karibu na wembamba wa silinda moja. Magoti yanakaa karibu, tangi linabana kiunoni, na pikipiki hulala upande mmoja na kuinukia upande wa pili bila ubishi. Pembe kati ya silinda ikiwa nyuzi 90, mitikisiko mikubwa ya pistoni moja hufutwa na ya mwenzake pamoja na uzito uliowekwa kwenye krenki, na hakuna haja ya kuongeza mhimili wa kutuliza mtikisiko. Waliobana pembe wamelipa: Aprilia RSV Mille ya 1998, yenye injini ya Rotax ya nyuzi 60, ilihitaji mihimili miwili ya kutuliza ili mwendeshaji asife ganzi mikononi.

Kuna pia mpangilio wa milipuko. Silinda nne za kawaida hulipuka kwa zamu sawasawa, kila nusu mzunguko wa krenki. V ya nyuzi 90 hulipuka, husubiri nyuzi 270, hulipuka tena, kisha husubiri nyuzi 450. Mlio ule wa kukwaruza na kudunda, ambao wapenzi wa Ducati huutambua kutoka mtaa wa pili, unatoka hapo. Wengi huamini pia kwamba kimya kile kirefu kati ya mapigo hulipa tairi la nyuma nafasi ya kushika lami upya. Waendeshaji wa mbio wamelishuhudia jambo hili kwa miaka mingi. Wahandisi wanakubaliana zaidi kwamba mwendeshaji *anahisi* mshiko vizuri zaidi kuliko kwamba mshiko wenyewe unaongezeka. Kwa mnunuzi, hisia hiyo peke yake inatosha kuitwa faida.

Sasa geuza injini uitazame kwa upande, uone urefu. Silinda ya mbele inaelekea gurudumu la mbele, ya nyuma inaingia mahali ambapo shokapu ingetaka kukaa. Fabio Taglioni wa Ducati alilaza silinda ya mbele karibu ulalo kabisa, na ndiyo maana Waitaliano wengine wanaiita injini ya L. Matokeo yake injini inasukumwa nyuma, gurudumu la mbele linapungukiwa uzito, na wahandisi wanaanza kutafuta pa kuweka rejeta, betri na ekzosi. Honda, kwa VTR1000F ya 1997, ilihamishia rejeta ubavuni. Suzuki, kwa TL1000S ya mwaka huohuo, ilikosa nafasi ya shokapu ya kawaida ikatenganisha springi na kizuia mtikisiko, na kizuia hicho kikafanywa cha kuzunguka. Kikipata moto kilipoteza nguvu, na pikipiki yenye farasi 125 ikajipatia sifa ya kutikisa kichwa barabarani. Suzuki ililazimika kuziita zilizokwisha kuuzwa na kuzifunga kizuia mtikisiko cha usukani. Injini yenyewe haikuwa na hatia. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba Suzuki iliendelea kuitumia kwa miaka mingi katika V-Strom 1000, na kampuni za Bimota na Cagiva wakaiomba. Tatizo lilikuwa nafasi iliyochukuliwa na silinda ya nyuma.

Mbona basi injini yenye usumbufu wote huu ilipata heshima kubwa namna ile? Heshima hiyo ina baba wawili, fundi na karani. Fundi ni Taglioni. Ducati 750 GT ilitoka mwaka 1971, na tarehe 23 Aprili 1972, katika mbio za maili 200 za Imola, Paul Smart na Bruno Spaggiari walimaliza wa kwanza na wa pili juu ya Ducati za V mbili, huku MV Agusta ya Giacomo Agostini ikikwama njiani. Mwaka 1978 Mike Hailwood alirudi Isle of Man baada ya miaka mingi nje ya mbio za pikipiki, akashinda kwa Ducati.

Karani, yaani aliyeandika kanuni za mbio, ndiye anayesahauliwa. Mashindano ya dunia ya Superbike yalipoanza mwaka 1988, kanuni zilisema silinda nne zisizidi cc 750 na silinda mbili zisizidi cc 1,000, na miaka ya mwanzo pikipiki za silinda mbili ziliruhusiwa pia kuwa nyepesi zaidi. Ndani ya kanuni hiyo Ducati ilijenga ufalme. Raymond Roche alichukua ubingwa mwaka 1990, Doug Polen mara mbili zilizofuata, kisha ikaja 916 ya mwaka 1994, iliyochorwa na Massimo Tamburini, na Carl Fogarty akatwaa mataji ya 1994, 1995, 1998 na 1999. Honda, ambayo ilikuwa imeshinda mwaka 1997 kwa V nne ya cc 750, ilichoka kushindana na hesabu za karani ikajenga V mbili yake, VTR1000 SP-1 ya cc 999. Colin Edwards akashinda nayo mwaka 2000, na ile iliyofuata, SP-2, ikampa taji la 2002.

Mwaka 2003 silinda nne ziliruhusiwa kufika cc 1,000. Ukuta ukaanguka. Ducati ilipewa cc 1,200 kuanzia 2008 ili isizame, na Carlos Checa alichukua taji la 2011, la mwisho hadi sasa kwa V mbili. Kufikia 2015 pikipiki ya barabarani ya 1299 Panigale ilikuwa na pistoni zenye kipenyo cha milimita 116, upana wa sahani ndogo ya chai, ili tu iendelee kulingana na za silinda nne. Mwaka 2018 Ducati wenyewe walihamia V nne kwa pikipiki yao kubwa. Kwa hiyo anayenunua pikipiki ya V mbili ya lita moja leo kwa sababu ya mabango ya Fogarty ananunua faida iliyoandikwa kwenye kanuni ambayo haipo tena. Si dhambi, mimi mwenyewe sijui pikipiki iliyochorwa vizuri kuliko 916. Ila bei ya uzuri isichanganywe na bei ya uwezo.

Turudi kwenye bili, maana hapa ndipo wengi huumia.

Injini ya silinda mbili zinazosimama sambamba kwa kawaida ina hedi moja, kemshafti mbili na cheni moja ya taiming. V mbili yenye kemshafti mbili kwa kila hedi ina hedi mbili, kemshafti nne na cheni au mikanda miwili. Gasketi mbili za hedi, sehemu mbili za kuvuja. Kila kitu kinanunuliwa mara mbili kiwandani, kinafungwa mara mbili, na fundi wako atakitoza mara mbili. Kupima tapeti za silinda ya mbele mara nyingi kunataka rejeta isogezwe. Za nyuma zinataka tangi, kisanduku cha hewa, nyaya na mabomba yatolewe, na hapo fundi bado hajagusa kazi yenyewe. Saa zinazolipiwa ni za kufikia mahali, na kazi yenyewe ni fupi.

Ducati waliongeza la kwao. Katika mfumo wa desmo, valvu haifungwi na springi. Inafunguliwa na mkono mmoja na kufungwa na mwingine. Taglioni alitaka valvu isikose kamwe kurudi mahali pake injini inapokimbia, na kwa chuma cha springi cha zama zake alikuwa na haki. Lakini kila valvu ina vipimo viwili badala ya kimoja. Injini ya valvu nane ina vipimo 16, na kwenye 916 vilitakiwa kukaguliwa kila kilomita 10,000 hivi. Mikanda yake ya mpira huzeeka hata pikipiki ikilala tu chini ya turubai, kwa hiyo hubadilishwa kwa kuhesabu miaka pamoja na kilomita. Ukikatika mmoja, pistoni na valvu zinakutana, na baada ya hapo hakuna sevisi, kuna kushusha injini.

Ukitaka kujua kama malalamiko haya ni ya haki, angalia walichofanya Ducati wenyewe. Panigale V2 ya mwaka 2025 ina V mbili mpya kabisa ya cc 890, yenye nguvu za farasi 120 na uzito wa injini wa kilo 54.4. Desmo haimo. Valvu zinafungwa na springi kama za watu wengine wote, na ukaguzi wake ni kila kilomita 30,000. Farasi wamepungua kuliko V2 iliyoitangulia, na watu walinung'unika. Binafsi naona ndiyo V mbili ya spoti ya kwanza kutoka Bologna, kwao Ducati, ambayo mtu anaweza kuipendekeza kwa rafiki yake bila kwanza kumuuliza mshahara, ingawa bei ya kuinunua bado itamuuliza.

SV650 haikuwahi kuwa na mzigo huo wote. Ilitoka mwaka 1999 ikiwa na springi za kawaida, cheni za taiming na ukaguzi wa tapeti kila kilomita 24,000. Inakunywa kama lita nne hivi kwa kilomita 100 ikiendeshwa kistaarabu. Udhaifu wake mkubwa ni shokapu za mbele, laini na za bei rahisi, ambazo mwenye uzito au haraka atazigundua wiki ya kwanza. Uingereza ina mashindano yake maalumu ya Minitwins yaliyojengwa juu ya pikipiki hizi, kwa sababu ni rahisi na hazifi.

Halafu kuna shtaka ambalo wapenzi wa V hawapendi kulisikia. Mwaka 1995 Yamaha ilitoa TRX850, silinda mbili sambamba, lakini pini za krenki zimepishana nyuzi 270. Hesabu ya milipuko ikawa ileile ya V ya nyuzi 90: subiri 270, subiri 450. Mlio uleule, mvuto uleule wa mapema, na hedi moja tu. Soko lilichelewa kuelewa. Mwaka 2014 Yamaha ikarudi na MT-07 ya cc 689, na safari hii dunia ikanunua. Leo krenki hiyo ya nyuzi 270 imo katika R7 ya Yamaha, CB750 Hornet ya Honda na RS660 ya Aprilia yenye farasi 100, ambayo injini yake ni safu ya mbele ya V nne yao iliyokatwa ikasimama yenyewe. Suzuki, mama wa SV650, ilipotaka pikipiki mpya ya spoti ya daraja la kati ilitengeneza GSX-8R ya cc 776, na nayo ni silinda mbili sambamba zenye krenki ya nyuzi 270.

Hivyo mtu anayetaka V mbili kwa sababu ya mvuto wa chini na mlio hana tena ulazima wa kununua V. Kilichobaki mikononi mwa V ni wembamba, utulivu wa nyuzi 90 bila mihimili ya ziada, na namna krenki fupi inavyoigeuza pikipiki. Silinda mbili sambamba za nyuzi 270 zinahitaji mhimili wa kutuliza, na mhimili huo hula nguvu kidogo na kuongeza uzito. Mwendeshaji mzoefu atautambua utofauti, hasa kwenye mwendo wa kati wa saa nyingi, pale V ya nyuzi 90 inapotiririka bila kuchosha mikono. Je, utofauti huo una thamani ya hedi ya pili? Kwa pikipiki mpya, kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, ningesema hapana. Kwa iliyotumika hesabu inabadilika, kwa sababu SV650 za zamani ni nyingi duniani na bei yake imeshashuka, wakati nyingi za hizi za nyuzi 270 bado ni changa na bei yake iko juu.

Msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa ana mambo mengine ya kupima, na baadhi yana uzito kuliko yote niliyosema. Bei iliyoandikwa Japani au Uingereza ni mwanzo tu. Forodha za Afrika Mashariki hukokotoa ushuru juu ya bei ikiwa imejumlishwa na usafiri na bima, kisha VAT inakuja juu yake, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania. Spea nazo zinapita mlango huohuo. Ukiagiza gasketi ya hedi ya Ducati unalipia gasketi, ndege na serikali, na pikipiki inasubiri gereji.

Mafundi wetu ni hodari. Fundi anayeweza kufunga upya injini ya bodaboda aina ya Boxer kando ya barabara kwa spana chache hana sababu ya kuogopa chuma. Lakini ujuzi wake umejengwa juu ya silinda moja ya cc 100 au 150, na spea zake zimejaa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. V mbili ya spoti inataka vitu ambavyo ujasiri hauwezi kuvileta: jedwali la vipimo vya tapeti, vipande vya kurekebishia vya unene wa sehemu ya milimita, kompyuta ya kusoma makosa kwa pikipiki za karibuni, na wakati mwingine zana maalumu ya kushikilia kemshafti. Anayejua kufunga hedi ya silinda moja anaweza kufunga ya mbele. Swali la ya nyuma lazima liulizwe kabla ya kulipa. Mtafute huyo mtu, mwulize amewahi kufungua ipi, na mwombe akuonyeshe.

Matairi husahauliwa. SV650 inavaa 160/60 nyuma, ukubwa unaoshirikiwa na pikipiki nyingi za daraja la kati, na mtu anaweza kuupata. V mbili za lita moja zinavaa 180 au 190, na 1299 Panigale inavaa 200. Tairi la upana huo likiisha katikati ya safari ya Arusha, hakuna duka la njiani litakalokusaidia. Mafuta vilevile: V mbili za kisasa zenye mgandamizo mkubwa, kama Panigale V2 yenye 13.1 kwa 1, zinataka petroli ya okteni 95. SV650 ina 11.2 kwa 1 na haichagui sana.

Joto nalo lina neno lake. Silinda ya nyuma iko chini ya tangi na ekzosi yake inapita karibu na paja. Kwenye foleni ya Mombasa mwezi wa Februari, feni ya rejeta ikipuliza hewa ya moto kuelekea magotini, V mbili kubwa ni adhabu. Waswahili wa Muscat, ambako Julai joto hupita nyuzi 40, wanajua zaidi. Juu ya hilo, chini ya mizunguko 3,000 pistoni kubwa hushtukashtuka na cheni hugonga, kwa hiyo mwendeshaji hushika klachi muda wote, na mkono wa kushoto huchoka kabla ya safari kuanza. Pikipiki hii inataka barabara iliyo wazi. Ikiwa matumizi yako ni foleni ya kwenda kazini siku tano na barabara ya Magadi, nje ya Nairobi, Jumapili asubuhi, siku tano ndizo zitakazoamua.

Kwa mnunuzi wa kwanza wa pikipiki kubwa ningependekeza SV650 iliyotumika kabla ya nyingine yoyote ya V, na ningeiweka sawa na MT-07 au R7 iliyotumika. Apate ile yenye historia safi zaidi. Kwa aliyekwisha kumiliki pikipiki kubwa na anayejua anachotafuta, Panigale V2 mpya ni chaguo la kweli ikiwa ana wakala wa kuihudumia. V mbili za lita moja za miaka ya 1997 hadi 2015 ni kwa mtu mwenye pikipiki nyingine ya kwenda kazini. Anayezitaka kwa kila kitu atajuta.

Ukienda kuangalia iliyotumika, nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi husema ukweli mwingi. Kwa SV650, ondoa kofia ya plagi ya mbele uangalie kama kuna maji au kutu ndani ya shimo: kitundu cha kutolea maji huziba kwa tope, mvua inaingia, na pikipiki hubaki na silinda moja katikati ya barabara. Kwa VTR1000F, uliza kama vibana cheni za taiming vimebadilishwa. Vya kiwandani vimejulikana kukata tamaa bila kutoa taarifa, na matokeo yake ni yale ya mkanda wa Ducati. Pima chaji ya betri injini ikiwaka, kwa sababu regyuleta za pikipiki nyingi za zama hizo hufa kwa joto. Pima mgandamizo wa silinda zote mbili, na usikubali kuambiwa kwamba ya nyuma haifikiki. Kama haifikiki leo, haijawahi kufikiwa.

Kwa Ducati yenye mikanda, omba karatasi inayoonyesha mwezi na mwaka ilipobadilishwa. Neno la mdomo halitoshi, hata la ndugu. Karatasi ikikosekana, hesabu kwamba mikanda ni ile ya zamani, toa gharama yake pamoja na ya tapeti kwenye bei, na mkiafikiana usiiwashe kuiendesha nyumbani. Ipakie kwenye pikapu, uipeleke moja kwa moja kwa yule fundi uliyekwisha kumpata.